Nilivyomwimbia Mwalimu Neno Nisilolijua

Hii naisimulia nikiangalia chini, na mtanivumilia, kwa sababu hata mke wangu Mueni, ambaye alikuwepo na alinionya, nikifika katikati ya hii hadithi huwa anainuka kwenda kuangalia chai ambayo haijawekwa jikoni.

Mimi ni fundi wa nguo hapa Kitengela, lakini wengi wananijua kwa nyimbo. Kukiwa na harusi, au mtoto wa mtu amemaliza chuo, naitwa niandike kitu cha kuimba, na (nakiri) nilikuwa nimeanza kujiona. Kwa hivyo Mwalimu Naserian alipofika wakati wa kustaafu, na sisi wanafunzi wake wa zamani tukaamua kumfanyia sherehe palepale shuleni, karibu na Bisil, sikungoja kuombwa. Niliwaandikia wenzangu, "Wimbo niachieni mimi."

Huyu mama alitufundisha Kiswahili tangu darasa la nne mpaka la nane. Tulimwita yeyo, yaani mama kwa Kimaasai, kwa sababu ndiye aliyekuwa anatushonea vifungo na kutugawia uji wake mwenyewe. Hakuwa na mtoto wa kuzaa. Hiyo kila mtu alijua na hakuna aliyekuwa anaisema.

Sasa, nilitaka shairi la kweli, lenye vina, aone kwamba hakupoteza chaki yake bure. Nikachagua kina cha "sa". Darasa nikapata, hamasa nikapata, sasa nikapata, halafu nikakwama kwa mstari wa mwisho, ule wa kumsifu, siku mbili nzima, nakata suruali ya mteja huku natafuna maneno mdomoni mpaka nikaikata fupi. Mwishowe nikaingia kwenye simu, nikapata orodha ndefu ya maneno yanayoishia hivyo, bila maana zake, na katikati pale kulikuwa na neno fupi, tamu, lenye silabi mbili tu kama nilivyotaka. Tasa.

Nikamwimbia Mueni. Akauliza, "Tasa ni nini?"

"Ni kama imara hivi," nikamwambia. (Sijui niliitoa wapi. Ilisikika kama imara.)

"Hebu angalia kwa kamusi, Lekishon."

Kamusi iko nyumbani, juu ya kabati, na ningehitaji kiti tu kuifikia. Nikamwambia mshairi anasikia maneno kwa masikio. Kesho yake nikapeleka shairi likachapishwa kwa herufi kubwa na kutiwa kwenye fremu.

Siku yenyewe uwanja wa shule ulijaa. Wazazi walikuwa wamevaa shuka na shanga, walimu wamekaa mstari wa mbele, na Mwalimu Naserian katikati yao na kitambaa kipya cha buluu. Nilikuwa nimefika mapema nikafundisha watoto wa darasa la tano kuitikia maneno mawili ya mwisho. Nikashika maikrofoni.

"Mwalimu tunakupenda, tulianza kwa darasa,
Tulikuja hatujui, ukatutia hamasa,
Leo sisi ni wakubwa, twasema asante sasa,
Wewe kwetu ndiwe yeyo, mama mwema, mama tasa."

"Mama tasa," watoto wakaitikia, vizuri kabisa, kwa sauti mbili.

 Mwalimu mmoja akaweka mkono mdomoni. Mimi nikadhani ni machozi ya furaha, nikajiambia imeingia, nikarudia ule mstari, nikawapungia mkono wazazi nao waitikie, na wao (wengi Kiswahili chao ni cha sokoni tu kama changu) wakaitikia wakipiga makofi. Mara tatu. Mueni alikuwa ananionyesha ishara ya kukata shingo na mimi nikaona anasema nimeua.

Nikamkabidhi fremu. Akaisoma polepole, kidole chake kikashuka mpaka chini na kusimama.

"Hili neno umelitoa wapi?"

"Kwa simu, mwalimu," nikasema, maikrofoni bado iko wazi.

"Asante kwa wimbo," akasema, akaniwekea mkono begani, akatoka akielekea madarasani.

Mwalimu mkuu akanivuta pembeni nyuma ya tangi la maji. "Tasa ni mwanamke asiyezaa," aliniambia kwa sauti ya chini. "Kwani hukujua?"

 Nakumbuka watoto kule uwanjani bado walikuwa wanaimba, maana hakuna aliyewaambia waache.

Nilimkuta darasa la nne, amekaa kwenye dawati la mwanafunzi, fremu iko mapajani. Nikapiga magoti. Nilimwambia sikujua, naapa sikujua, na kadiri nilivyozidi kueleza ndivyo nilivyozidi kusikia ujinga wangu.

"Najua hukujua," akasema. "Mama mkwe wangu alikuwa analijua. Aliniita hivyo mbele ya watu, mpaka siku niliyofunga virago."

Akafuta kioo cha fremu kwa kitambaa chake.

"Lekishon, hilo neno liko kwenye kitabu cha darasa la sita. Kila mwaka nikifika hapo nilikuwa naruka ukurasa. Sikuweza kusimama mbele yenu niwaeleze. Kwa hivyo hata wewe ungelijulia wapi?"

Hapo ndipo nililia, mtu mzima, kichwa changu kwenye dawati.

Siku hizi neno nisilolijua naliacha lilipo, hata shairi likibaki na pengo, na kabla ya kuimba popote napanda kwenye kiti nashusha kamusi. Wimbo wa mwalimu nimeuandika upya. Hauna kina hata kimoja. Umekaa kwenye droo ya cherehani mwezi wa nne sasa, na kila Jumamosi namwambia Mueni kesho naenda Bisil, na kila Jumapili napata nguo ya kushona.