Cornelius Shikanga na Njia ya Kwenye Simu

Cornelius Shikanga alikuwa mlinzi wa lango la kiwanda cha sukari karibu maisha yake yote ya kazi, na kazi hiyo ilimharibu kidogo. Hakuwa mtu mbaya. Ila mwanamume akikaa langoni miaka na miaka, matrekta ya miwa yakimsubiri na mameneja wakishusha vioo vya magari ili wamsalimie, mwishowe huanza kuamini kwamba hakuna kitu duniani kinachofaa kupita popote bila kumwomba ruhusa.

Alipostaafu alirudi Shinyalu, kwenye shamba aliloachiwa na babake: mahindi na maharagwe upande wa juu, kipande cha chai kule bondeni, na nyumba ya mabati katikati. Mkewe Gentrix ndiye aliyekuwa akiliendesha shamba hilo muda wote huo, na hakuonyesha dalili yoyote ya kuhitaji mlinzi. Kwa hiyo Cornelius alikaa kwenye veranda yake na kuwatazama watu wakipita.

Na watu walipita kweli. Kulikuwa na njia ya miguu iliyotoka kwenye barabara ya vumbi, ikakatiza mahindi ya Cornelius, ikateremka kando ya chai hadi kisimani, kisha ikapanda ng'ambo kwenda shuleni na kanisani. Aliyeianza hakujulikana. Babake Cornelius aliikuta hapo. Wanawake wenye mitungi waliipita, na wachuma chai, na watoto wa shule, na Jumapili waumini waliobeba viatu mkononi ili wasivichafue kabla ya ibada. Wote walimsalimia vizuri, "Habari ya asubuhi, Mzee Shikanga." Kilichomuuma ni kwamba hakuna aliyesimama kungoja jibu.

Hata hilo angelivumilia, lau si fahali wa jirani yake Osiako. Fahali huyo aliitwa Meneja. Siku za mapigano ya mafahali Osiako alimtoa zizini mapema, ngoma za isukuti mbele, vijana wakipuliza filimbi nyuma, na msafara mzima ukashika njia ileile. Njia ilikuwa na upana wa mtu na mtungi wake. Meneja alikuwa na upana wake mwenyewe. Asubuhi moja alipomaliza kupita, mstari mzima wa maharagwe ya Cornelius ulikuwa umelala chini kama umechoka.

"Osiako!" Cornelius alipiga kelele kutoka kwenye veranda. "Ungeomba ruhusa kwanza!"

"Nimwombe nani?" Osiako alimjibu bila kusimama. "Babangu alipitanga hapa na fahali wake, na babako alikuwa anasimama hapohapo ulipo, anashangilia!"

Ilikuwa kweli, na ndiyo sababu Cornelius hakulala vizuri siku hiyo.

Wiki hiyohiyo alileta nguzo na seng'enge akaifunga njia, juu na chini. Gentrix alitoka jikoni, akafuta mikono kwenye kanga, akautazama ua huo mpya kwa muda.

"Na mimi nikienda maji nitapitia wapi, Baba Alice?"

"Utazunguka kidogo tu, mpaka Osiako ashike adabu."

"Si uniachie nafasi ya kupenya mimi?"

"Nikikuachia wewe wote watapenya," alisema Cornelius, kwa sauti ileile aliyokuwa akiwaambia madereva wa miwa kwamba amri ni amri.

Naibu wa chifu alifika, akanywa chai vikombe viwili, akasema kwamba njia hiyo kweli haimo kwenye ramani ya mashamba, lakini njia iliyokanyagwa na watu tangu enzi za mababu haifungwi tu kwa sababu mtu ameamka na hasira. Akawasihi wazungumze kama majirani. Cornelius alimsindikiza hadi barabarani kwa heshima zote, na seng'enge ikabaki palepale. Majirani wakazoea kuzunguka, wakinung'unika. Salamu zilipungua. Cornelius alijiambia kwamba huo ndio utulivu aliokuwa akiutafuta.

Halafu wakaanza kuja wageni.

Wa kwanza alikuwa kijana muuza pampu za maji, pikipiki yake imejaa mabomba. Alisimama kwenye seng'enge, akaitazama simu, akaitazama seng'enge, akarudi tena kwenye simu.

"Mzee, hapa simu inasema njia iko."

"Na macho yako yanasema nini?"

"Yanasema seng'enge."

"Basi sikiliza macho."

Baada yake alikuja mwalimu mgeni akiitafuta shule. Jumamosi moja ikaja kwaya nzima iliyoalikwa kanisani, majoho yao ya zambarau yakiwa mabegani, nao walipoambiwa wazunguke walikaa kwanza kwenye nyasi wakapumzika, wakaimba wimbo mzima, ndipo wakaondoka. Kila mmoja alitaja simu. Cornelius alianza kushuku kwamba Osiako alikuwa na mkono wake katika jambo hilo, ingawa Osiako mwenyewe alikuwa na simu ya vibonye iliyofungwa kwa mpira.

Aliyemfumbulia fumbo ni Maurine, binti wa kakake, aliyekuwa akisomea upimaji wa ardhi katika chuo cha Sigalagala. Alikuja kuwasalimu siku moja, na Cornelius alipomsimulia mateso yake, msichana akaanza kuangalia vidole vyake.

"Baba mdogo, nafikiri hiyo ni mimi."

Akaeleza. Yeye na wenzake walikuwa wamejitolea kuchora vijia vya sehemu hizo kwenye ramani ya simu, ile ambayo mtu yeyote anaweza kuisahihisha, kwa sababu barabara kubwa zilikuwemo lakini njia ambazo watu huzitumia kila siku hazikuwemo. Likizo iliyopita alitembea kutoka kanisani hadi barabarani na simu mkononi, na kila alipokanyaga, simu ikaweka alama.

"Ulipita katikati ya shamba langu ukinichora?"

"Nilipita nikikusalimia, Baba mdogo. Ulikuwa kwenye veranda. Ua haukuwepo."

"Basi futa."

"Nikifuta nitakuwa nasema haikuwahi kuwepo, na bado inaonekana chini. Ila naweza kuweka kwamba hapa kuna kizuizi."

"Weka. Na uandike, imefungwa kwa amri ya mwenyewe."

"Hakuna mahali pa kuandika amri. Kuna mahali pa kizuizi tu." Maurine alibonyeza kidogo. "Tayari. Lakini kuna watu wanatembea na ramani ya zamani kwenye simu zao. Hao itachukua muda kujua. Na tena, Baba mdogo, ramani haimpi mtu haki ya kupita, wala haimnyimi. Hayo ni yenu na majirani."

Cornelius hakuwa anasikiliza tena. Alikuwa ameshika simu, akiangalia kijiji chake kimelala kwenye kioo, vijia vikiwa vitone vidogo vidogo. Vilitoka kisimani, shuleni, kanisani, kwenye kituo cha kupimia chai, na karibu vyote vilikuja kukutana kwenye mahindi yake. Kumbe mahali pake palikuwa kiini cha kila safari! Alijisikia kukua kidogo kifuani, kisha akakumbuka kwamba yeye ndiye mlalamishi, akarudisha simu.

Mvua za Aprili zilipokolea, njia ya kuzunguka ikawa matope matupu. Ilipita kwenye ukingo ulioinama karibu na zizi la Osiako, na hapo ndipo Gentrix alipoteleza akiwa na mtungi wake wa maji. Mtungi ulibingirika hadi kijitoni. Gentrix hakuweza kukanyaga chini kwa mguu wa kulia.

Cornelius aliona yaliyofuata kutoka kwenye veranda. Alimwona Osiako akitokea bondeni akisukuma toroli, na ndani ya toroli, miguu ikining'inia, ameketi mkewe. Osiako alifika kwenye seng'enge, nyumba ikiwa hapo mbele yake, angeweza hata kuitupia jiwe. Alisimama. Kisha akageuza toroli, akaanza kuzunguka shamba zima kwenye matope, akisukuma, akipumzika, akisukuma tena. Cornelius alikimbia kwenda kumpokea, lakini naye ilimbidi azunguke.

Alikuwa na hakika kwamba Osiako angesema neno. Alikuwa ameshaandaa la kumjibu. Lakini Osiako alimsaidia tu kumwingiza Gentrix ndani, akamwambia, "Pole sana, Mama Alice," akachukua toroli lake akaenda.

Kifundo cha mguu kilikuwa kimeteguka, na Gentrix akaambiwa akae kitandani. Sasa Cornelius ndiye aliyechota maji. Alizunguka na mtungi begani, akateleza palepale, akalaani palepale, na majirani wakamsalimia kwa upole ambao haukumpendeza hata kidogo. Kuufungua ua hakuthubutu, ingeonekana ameshindwa. Usiniulize angeendelea hivyo mpaka lini.

Mama Rosebella, mama mzazi wa Gentrix, aliposikia kwamba bintiye ameumia alipanda pikipiki kutoka kwake Lurambi, amevaa gauni lake la kanisani, na kikapu chenye kuku kimekaa mapajani. Mwendeshaji wake, Sammy, hakuijua Shinyalu, hivyo alifuata simu. Simu ya Sammy ilikuwa miongoni mwa zile zenye ramani ya zamani. Iliwaleta kwa upande wa kanisa, ikawateremsha hadi kisimani, ikawaambia waendelee mbele, na mbele kulikuwa na seng'enge.

"Tuzunguke, Mama," Sammy alisema.

"Tuzunguke wapi? Mabati ya mkwe wangu si yale pale?" Akampa Sammy kazi ya kuinua waya wa juu, yeye akainama, akaingiza kichwa, akaingiza bega moja, na hapo seng'enge ikamkamata: gauni kwa nyuma, kitambaa cha kichwa kwa juu, na kikapu kikabaki nje.

Cornelius alikuwa kwenye kipande chake cha chai. Alisikia kuku akilia, kisha sauti aliyoijua ikisema "Uwii!" Akaja mbio, akaona, akasimama kama aliyepigwa na umeme. Kwao mwanamume hamkaribii mama mkwe wake. Hampi mkono, hali naye meza moja, na akimwona njiani hupisha. Na huyu hapa mama mkwe wake, ameinama, amenaswa, kwenye waya alioufunga yeye kwa mikono yake.

Akageuka upesi, akampa mgongo.

"Mulembe, Mama," akaisalimia michai.

"Mulembe, mwanangu. Hii njia imekuwaje?"

"Imefungwa, Mama."

"Imefungwa na nani?"

Cornelius alifikiri sana. "Na watu wa hapa."

"Watu wa hapa hawana akili," akasema Mama Rosebella kutoka kwenye waya.

"Ndiyo, Mama."

"Mzee, mikono inachoka!" Sammy akapaza sauti. "Nikiachilia huu waya utamrudia mama. Kuja ukate!"

Kuja hakuweza. Kuondoka pia hakuweza. Michai ilimtazama tu. Mwishowe Cornelius alijaza mapafu yake pumzi, akaita jina ambalo hakuwa ameliita kwa sauti tangu siku ya maharagwe.

"Osiakooo!"

Osiako alikuja na koleo, bila haraka. Alikuwa ameingojea siku hiyo tangu njia ifungwe, na alitaka kuitumia vizuri. Alipofika kwenye ua alisimama wima, akavua kofia.

"Mzee Shikanga," akasema, "naomba ruhusa ya kupita."

Sammy akacheka, waya ukatikisika, Mama Rosebella akapiga yowe.

"Kata!" alisema Cornelius, bado akiangalia chai.

"Nikate waya gani?"

"Yote! Kata yote!"

Koleo ililia mara kadhaa, na kila ilipolia Cornelius alisikia kitu kikilegea ndani ya mwili wake. Hakujua kama ni aibu au nafuu. Mama Rosebella aliingia, akajipangusa, akafunga kitambaa chake upya, akachukua kikapu, akapanda kwenye nyumba kwa njia ileile iliyofungwa, bila kugeuka.

Mchana huo wanawake wawili walikula obusuma na ingokho, yaani ugali na yule kuku wa kikapuni, chumbani kwa Gentrix. Cornelius alikula nje, upande wa nyuma, karibu na kuni. Kwa muda mrefu hakusikia kitu ukutani ila sauti za chini. Kisha Gentrix akacheka. Tangu aanguke hakuwa amecheka hivyo, na Cornelius, ambaye alijua vizuri wanamcheka nani, alijikuta akitabasamu na tonge mkononi.

Jioni mama mkwe alipoondoka alisimama mbali ipasavyo. "Asante kwa kunifungulia, mwanangu," akasema. Sauti yake haikuwa na kejeli yoyote. Cornelius akainamisha kichwa, akampisha.

Kesho yake yeye na Osiako walikunja seng'enge pamoja. Hawakuombana msamaha, walibishana kuhusu nguzo. Mwishowe walichimbia mbili pale njia inapoingia shambani upande wa juu, zikaachiana nafasi ya kupita mtu na mzigo wake, au pikipiki ikiendeshwa taratibu. Meneja alipimwa papo hapo, akakwama kwenye mabega, na tangu siku hiyo huenda mapiganoni kwa barabara kubwa, ambako ana watazamaji wengi zaidi. Gentrix alipopona alirudi kisimani kwa njia ileile ya zamani, na wa kwanza kumsalimia alikuwa mumewe, aliyekuwa akipalilia karibu na njia kila asubuhi hata pasipokuwa na magugu.

Maurine alikuja kuondoa alama ya kizuizi. Cornelius alitaka kuangalia kazi ikifanyika, akaketi naye kwenye veranda.

"Kisanduku hiki ni nini?"

"Nyumba yako, Baba mdogo."

"Na hiki?"

"Ya Osiako."

Cornelius alisogeza miwani. "Mbona vinalingana?"

"Nimefuata picha iliyopigwa kutoka angani. Ukubwa wake ni huo."

Akachukua simu mkononi, akaweka vidole viwili juu ya kioo kama alivyoona vijana wakifanya, akavitanua. Nyumba yake ikakua, ikakua, hadi ile ya Osiako ikateleza nje ya ukingo ikapotea. Akamrudishia Maurine simu kwa uangalifu, asije akaitingisha.

"Sasa iache hivyohivyo," akasema.