Mafuta Niliyopaka Mashine ya Mwalimu

Majirani wangu hapa Suneka washanicheka wakachoka, kwa hivyo sasa ni zamu yenu. Mimi ni fundi wa redio. Juzi Mwalimu Kerubo, mstaafu aliyeambiwa na daktari atembee kila siku, aliniita nitengeneze mashine yake ya kukimbilia ndani ya nyumba. Mkanda wake wa kukanyagia ulikuwa ukikwaruza. Sikuwa nimewahi kugusa mashine kama hiyo, lakini furaha ilinijaa hadi nikaanza kupiga mluzi.

Nilichomoa waya kwenye stima, nikafungua kifuniko cha mota, nikapanga skrubu kwenye sahani. Majirani walijaa mlangoni wakinitazama kama daktari wa upasuaji. Hapo nikakumbuka sina mafuta ya mkanda. Nilikimbia nyumbani, nikarudi na mkebe usio na maandishi, nikapaka bila ubahili, nikafunga kila kitu, nikarudisha waya kwenye stima.

“Haya ni ya kisasa, Mwalimu,” nikatangaza. “Yametoka Nairobi.”

Mwalimu akapanda. Mkanda ukateleza, akadaka vishikio. Akashuka polepole, akaugusa mkanda, akanusa vidole.

“Kijana wangu, haya ni mafuta ya kukamulia ng'ombe. Sasa nilete ndoo?”