Askari wa Kwenye Mikebe
Kila asubuhi jirani wa Keji, sajini mstaafu wa hapo mjini Koboko, Uganda, hukagua mimea yake ya majani manene yaliyojikunja duara kama waridi. Ameipanga mstari katika mikebe ya mafuta, na huipangusa vumbi kwa upole ambao viatu vyake havijawahi kuuonja. Keji akiomba chipukizi akapande kwake, hujibiwa kwa Kiswahili cha kambini, "Hii bado iko nanyonya mama yake." Akileta maji, hufukuzwa: "Hawa iko askari. Askari hapana lilia maji."

Jana ikanyesha mvua ya mawe. Keji akachungulia, akamwona mzee kifua wazi, koti lake la jeshi limefunika mikebe.

"Mzee, si ulisema iko askari?"

"Iko askari," akajibu, maji yakimchuruzika puani. "Lakini leo iko likizo."