Ubao wa Vilele pale Moshono

Klabu yetu ya kupanda milima ilichora ubao mkubwa wa vilele, ili mtu yeyote akisimama kwenye kilima cha Moshono, nje kidogo ya mji, ajue anachokiona ni nini. Kushoto Monduli, katikati Meru, kulia mwisho kabisa Kilimanjaro. Sehemu nzuri ya kuusimika ilikuwa pembeni ya shamba la bibi mmoja wa Kimeru. Mimi ndiye niliyeenda kumwomba, maana kusubiri vikao siwezi. Alikataa, nikarudi tena na tena, mwisho akasema, "Leteni niuone. Nisipoupenda mtaondoka nao."

Jumamosi gari tuliloahidiwa likakosekana. Nikampigia baba. Baba ana duka la spea mjini, Ngarenaro, na pikapu ya zamani, ni Mchaga wa Machame, na mdomo wake unajulikana mtaa mzima. Klabuni hakuna aliyekuwa anamjua. Nilimwomba asiongee sana. Akasema sawa, yeye amekuja kubeba tu.

Tulipoushusha ubao pale shambani, bibi akaanza kuusoma taratibu. Baba akachungulia juu ya bega lake.

"Shikamoo bibi. Hawa watoto wametuonea. Kilimanjaro wameuweka kule pembeni kama mtu aliyechelewa harusini."

"Marahaba." Bibi akaangalia mashariki. Mawingu matupu. "Sasa huo wenu uko wapi? Au mpaka upigiwe simu?"

Tukacheka wote, hata baba. Angeishia hapo.

"Wetu hata ukijifunika bado ni mzima, bibi. Huu Meru wenu ulishameguka, umebaki nusu."

Hakuna aliyecheka.

"Nusu," bibi akasema. "Na maji mnayokunywa huko mjini yanatoka wapi?" Akauacha ubao, akanigeukia mimi. "Huyu ni nani wenu?"

Akilini niliuona ubao unarudi kwenye pikapu. Niliona na wenzangu wananiangalia, wanasubiri.

"Dereva tu, bibi. Tumemkodi."

Ilitoka haraka hivyo hivyo. Baba alikuwa hapo hapo, mkono wake umeshika mguu wa ubao. Hata sasa naandika masikio yanawaka. Alivua kofia, akasema, "Nisamehe bibi, nimezidisha utani."

Bibi alimwangalia weee. "Haya. Basi dereva ndiye achimbe mashimo."

Baba akakunja mikono ya shati, akachukua sururu. Ardhi ya pale ni mawe matupu. Nikamsogelea, nikamwambia kwa sauti ya chini anipe nichimbe mimi.

"Wewe kashike ubao," akasema, bila kuniangalia.

Ubao ukasimama. Saruji haijakauka, watoto wa jirani wameshafika wanabishana kilele kipi ni Meru Ndogo. Bibi mwenyewe alikuwa anawaonyesha kwa kidole. Baadaye akaleta chai, akanipa kikombe kimoja.

"Mpelekee dereva wenu."

Baba alikuwa amekaa nyuma ya pikapu, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alikipokea kwa mikono miwili, vile anavyopokea pesa za wateja wakubwa dukani.

"Asante, bosi."

Sikujua kama ananitania. Wenzangu walikuwa karibu, wangesikia chochote ambacho ningemwita.

"Karibu," nikasema, nikaenda kupiga nao picha mbele ya ubao.