Mpangaji Ambaye Hajazaliwa

Siku ya tatu baada ya kutia sahihi, Ciakuthii wa Githongo alisikia miguu midogo. Saa nne asubuhi, jua limewaka juu ya mibuni, naye yu peke yake anafagia ghala la Ismael. Tap, tap, tap, nyuma yake. Akigeuka, hapana mtu.

Ghala hilo alilikodi kwa Ismael kwa mkataba wa miaka mitano ili yeye na wanawake wenzake kumi na mmoja wasage unga wa ndizi. Yeye ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba akiwashawishi waanzishe kampuni, yeye ndiye aliyechagua jina: Unga wa Mlima Limited. Kwenye mkataba akaandika, “Kwa niaba ya Unga wa Mlima Limited, Ciakuthii.” Kampuni ilikuwa haijasajiliwa. Lakini mama huyu alikuwa ameongoza chama cha akina mama cha kuchangiana miaka ishirini, na chama huzaliwa siku ile chai inapoiva. Akadhani kampuni nayo ni vivyo hivyo.

Wanja, wakili, binti wa dadaye, alisoma ile karatasi mara mbili.

“Anti, siku ulipotia sahihi, hii kampuni ilikuwa wapi?”

“Ilikuwa njiani.”

“Aliye njiani hashiki kalamu. Kisheria mpangaji ni wewe. Wenzako wakikukimbia, shamba ulilorithi kwa mama yako ndilo litakalolipa kodi.”

“Na ikizaliwa, si itakubali tu nilichoisemea?”

“Ya kabla ya kuzaliwa haiwezi kuyakubali. Ikishazaliwa, itie yenyewe sahihi mkataba mpya, na Ismael akubali kuuchana huu.”

Tangu hapo miguu ikazidi. Adhuhuri moja kitu kikavuta leso aliyojifunga, kikanong'ona, “Mama, mbona uliniita nikiwa bado gizani?”

Alipomsimulia Sheila, jirani na mkurugenzi mwenzake, Sheila alicheka. “Wewe, hao ni panya.” Akaingia ghalani kuwafukuza. Alitoka na kiatu kimoja, na cha pili hajakiulizia mpaka leo.

Cheti cha kusajiliwa kwa kampuni kikatoka. Wanawake wakaja ghalani na kibuyu cha uji, kama wanaomwendea mzazi. Ismael, mwenye bucha mjini Meru, aliyekwisha kusikia habari za ile miguu, akasimama mlangoni, mguu mmoja nje.

“Mama, mimi nimezoea ng'ombe waliokufa wakanyamaza. Leteni hiyo karatasi mpya niondoke.”

Akatia sahihi mkataba mpya, wa kwanza akaushika tayari kuuchana. Ciakuthii naye akatia yake, kama mkurugenzi. Ikabaki ya Sheila, maana kampuni ilihitaji sahihi za wakurugenzi wawili. Sheila akashika kalamu, akaishusha.

“Miaka mitano ni mingi,” akasema. “Tungeanza na mmoja kwanza.”

Wenzake wakatazama chini. Ciakuthii akaiona mibuni ya mamake ikienda, mmoja mmoja.

Tap, tap. Miguu ikapita kati ya wanawake, na safari hii wote wakasikia. Ikazunguka meza, ikasimama nyuma ya kiti cha Sheila. Uji ukatikisika kibuyuni.

Sheila akatia sahihi haraka hivi kwamba kalamu ilitoboa karatasi.

Ismael akauchana mkataba wa kwanza, akaondoka. Siku hizi mashine inasaga, na shamba bado ni la Ciakuthii. Ila asubuhi, kabla wenzake hawajafika, Ciakuthii hufagia polepole, akisimama kila hatua tatu kusikiliza. Hasikii kitu. Hata hivyo humwachia mwenye miguu ile kikombe cha uji mlangoni, na akirudi hukikuta kikavu.