Upanga wa Mwanangu na Waya wa Spika

Miaka ile bidhaa za nje ziliporuhusiwa kuingia, Songea ilijaa vitu vya kupiga kelele. Saa za ukutani ziliimba, kadi za Krismasi ziliimba, hata viatu vya watoto vililia kila hatua. Mimi fundi redio sikulalamika. Kila kinacholia kuna siku kitanyamaza, na kikinyamaza kitaletwa kwenye kibanda changu pale karibu na stendi.

Nyumbani Matogoro ndiko ufundi wangu ulikogonga mwamba. Binti yangu wa pekee alikuwa na miaka mitano, na mtaa mzima ulimjua kwa ukaidi. Unamwita yuko mlangoni, anaondoka zake. Unamkataza kuchezea maji, anaendelea. Lakini mama yake akichuchumaa mbele yake na kumwambia alete kikombe, kikombe kinaletwa. Hilo ndilo lililonichoma zaidi, kwamba akitaka anaelewa. Majirani walisema tulimdekeza tangu alipougua homa kali akiwa na miaka mitatu, na mimi nikakubaliana nao.

Chekechea ya parokiani hakumaliza hata muhula. Sista aliyekuwa akiwafundisha aliniita.

"Tumsifu Yesu Kristo, baba."

"Milele amina, sista."

"Mtoto huyu nikimwita ananigeuzia mgongo mbele ya wenzake. Kaeni naye nyumbani kwanza. Akishapata adabu mtamrudisha."

Nilirudi naye nyumbani, nikakunja uso, nikamchapa viganjani. Sitaki kuzungukazunguka: nilimchapa siku ile, na haikuwa mara ya kwanza wala ya pili. Kisha nikaamua apelekwe Nakapanya, kule Tunduru, kwa dada yangu mkubwa, mwanamke aliyewanyoosha watoto wa ukoo wetu kwa fimbo ya mpera na akajulikana kwa hilo. Mke wangu alilia siku mbili, akanyamaza. Basi la Tunduru lingeondoka Jumatatu alfajiri, na mtoto angekaa huko mpaka anyooke.

Ili asisumbue njiani nilimnunulia upanga wa plastiki sokoni. Ukibonyeza kitufe kwenye mpini, ubapa wenye taa unawaka mwekundu na spika inatoa mlio wa vyuma kugongana, halafu mtu fulani asiyejulikana anacheka kama ameona mdeni wake. Ulikuwa na makelele ya kumtoa nyoka pangoni. Nilimpa mchana, juani. Akabonyeza mara moja, akautazama ubapa, akauweka chini kando ya kinu na kurudi kwenye mchanga wake.

Nilikasirika. Mtoto gani huyu hata zawadi haijui? Lakini fundi akishindwa na mtu hukimbilia kitu, kwa hiyo niliuchukua upanga na kujiambia kwamba tatizo ni taa. Kweli vitaa vyake vilikuwa hafifu, juani usingejua kama vinawaka.

Bahati nilikuwa na dawa. Dalali mmoja wa mawe ya thamani kutoka Tunduru alikuwa ameniachia tochi yake ndogo iliyokufa swichi, ile wanayomulikia jiwe kabla ya kubishana bei. Ilikuwa na vitaa vitatu vyeupe, vidogo kama punje za mtama, lakini vikali kiasi kwamba ukivitazama unaona madoa. "Chukua tu fundi," aliniambia, "mimi nimeshapata nyingine." Wakati ule vitaa vya namna hiyo vilikuwa adimu kwetu, na nilikuwa nimevificha kwenye kopo la maziwa.

Nilipasha chuma cha kulehemu kwenye jiko la mkaa, maana umeme ulikuwa umekatika tena. Kwanza niliviunga vitaa moja kwa moja kwenye saketi ya sauti, na saketi ikalemewa. Kila taa zilipowaka, yule mchekaji alikoroma kama mgonjwa. Nikatafuta transista kwenye redio mfu, nikaiweka katikati, saketi ibaki na kazi ya kuamuru na transista ibebe mzigo. Betri za vidonge nikazitupa, nikafunga tatu za redio kwenye mpini. Ukawaka mweupe mpaka juani. Nilijiona mtu.

Jioni ile ile, Jumanne, mzee wa nyumba ya pili akafariki. Kwetu jirani akifiwa hakuna anayewasha redio mpaka matanga yaishe, na mimi sikutaka mchekaji wangu asikike ng'ambo ya ua huku wenzetu wamelala kwenye mikeka. Nikakata waya mmoja wa spika. Taa zikabaki, sauti ikafa. Halafu nikajiandaa kwa vita, kwa sababu mtoto yeyote aliyeonja sauti ile angeidai kwa kilio.

Hakuidai. Alibonyeza, ubapa ukawaka, akapiga ukelele wa furaha uliomtoa mama yake jikoni. Alimulika kuku, akamulika dari, akaingia uvunguni mwa kitanda kumulika huko. Siku tatu hakuuachia, hata kula alikula nao. Wala hakuja kuniuliza mchekaji amekwenda wapi.

"Umeona?" nilimwambia mke wangu. "Hata sauti hajaiulizia. Ameanza kukua."

"Pengine," alisema. "Basi asiende."

"Ataenda," nikasema.

Matanga yaliisha Ijumaa. Jumamosi alasiri niliutwaa upanga akiwa amelala, nikaurudishia waya, nikaujaribu kibandani, ukalia vizuri kuliko ulivyotoka dukani. Niliporudi nilimkuta amechuchumaa nyuma ya jiko, kwenye kivuli cha ukuta, akichora mchangani kwa kijiti. Nikataka kumshtua kidogo, tucheke. Nilinyata mpaka hatua tatu nyuma yake, nikauficha ubapa chini ya koti na kubonyeza.

Vyuma viligongana, mtu akacheka. Kuku walitawanyika. Jirani alichungulia juu ya ua. Mwanangu alichora mstari mwingine.

Nikabonyeza tena. Nikasogea, nikauweka mpini karibu na sikio lake, nikabonyeza mara ya tatu na ya nne, na kicheko kile kipumbavu kikawa kinapita juu ya kichwa chake na yeye anamalizia mguu wa mbuzi wake wa mchangani. Nikaushusha upanga, ubapa ukatoka chini ya koti, mwanga mweupe ukamwangukia mkononi. Hapo ndipo aligeuka.

Mwanangu alikuwa kiziwi. Tulimtolea misa ya shukrani kwa kupona homa ile na hatukuuliza homa imeondoka na nini. Miaka miwili nilikuwa nikimwita mgongoni na kumchapa kwa kutoitika. Mimi, ambaye watu walinilipa nisikilize redio na kutaja ugonjwa wake kabla sijaifungua. Na Jumatatu nilikuwa nimpandishe basi aende kuchapwa na mwingine.

Alikuwa ananitabasamia, anangoja nimpe upanga wake. Nikapiga magoti mbele yake. Nilisema nisamehe mwanangu, nikasema tena kwa sauti kubwa, kama mpumbavu, huku najua sasa kwamba maneno hayamfikii. Machozi yalinitoka na uso ukanikunjamana, sikuweza kuuzuia.

Akautazama uso ule. Tabasamu likamtoka taratibu. Akasimama, akapangusa mchanga wa viganjani kwenye gauni lake, akaninyooshea mikono yote miwili nimchape.