Taa Nne za Chumba cha Nyuma

Mtaa mzima ulimwita Mzee Koleo, na jina alilopewa na wazazi wake lilishasahaulika hata na wale waliolijua. Koleo lenyewe, lenye mpini uliozungushiwa tepu nyeusi, lilikaa mfuko wa nyuma wa suruali miaka nenda miaka rudi, mpaka kitambaa kikatoboka. Na suruali mpya ikinunuliwa, koleo lilihamia kabla ya mwenye suruali. Alikuwa fundi umeme wa magari. Karakana yake ilikuwa na mlango mmoja wa bati, meza ndefu yenye alama za moto, na kreti la soda lililopinduliwa pembeni ya meza. Kwenye kreti hilo, kwa miaka ishirini na tisa, alikaa mke wake.

Watu hawakosi la kusema, na juu ya kreti lile walisema mengi. Wengine walidai yule mama ana wivu, anamlinda mumewe na wateja wenye magari mazuri. Wengine wakasema hapana, wale ni chanda na pete, waacheni. Binti yao wa pekee alikua akiandika kazi za shule chini ya meza ile, na kila siku alimwona mama ameshika waya mikononi, akimpa baba moja baada ya nyingine, ya mkono wa kulia kwanza, bila kutoa neno. Yeye alidhani ndoa zote ndivyo zilivyo. Alipokuwa mkubwa akagundua kwamba sivyo, akawahurumia waliobaki.

Nje ya karakana baba huyo hakuwa na maajabu. Sokoni alikuwa kituko: kila nyanya aliibonyeza kwa kidole gumba hadi wauzaji wakamkataza kusogea. Siku moja alitumwa sweta la shule la binti, jekundu, akarudi na jeusi tii, anaringa nalo. Mama alicheka hadi akakaa chini, kisha akajifunga kanga yake akaenda kulibadilisha, na kisa hicho kikawa cha kuchekesha wageni kwa miaka mingi.

Mama alifariki miaka mitatu iliyopita. Wiki mbili baada ya maziko, Mzee Koleo aliingia karakanani, akalitazama lile kreti, akamkabidhi binti bisibisi na vipimo vyote, akasema mgongo umechoka. Tangu hapo hakugusa waya. Alikuja kila asubuhi, akakaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni, akawa mtu wa kupokea wateja na kukosoa kazi za wenzake. Majirani walisema huzuni imemmaliza, na binti naye akaamini hivyo, maana huzuni kweli ilikuwepo. Koleo tu ndilo hakulitoa mfukoni.

Basi asubuhi moja likaja gari-nyumba. Lilikuwa refu, la rangi ya maziwa, na ndani lilikuwa na jiko la mafiga mawili ya gesi, sinki dogo la kunawia, makochi yanayokunjuka, na nyuma kabisa chumba ambacho kitanda kimekijaza chote. Mwenye gari alikuwa mwalimu mstaafu, mama mwembamba mwenye miwani ya kuning'inia kifuani, na kesho yake alikusudia kuondoka na mdogo wake kwenda kuzurura mpaka wachokane. Shida yake ilikuwa taa. Balbu za zamani zilikuwa za moto, tena zinakula betri hivi hivi ukitazama. Akisoma kitabu usiku mmoja, asubuhi hata pampu ya maji haisukumi. Alikuja na boksi la taa za LED, za ndani na za nje, akasema anataka asome hadi achoke yeye, siyo hadi ichoke betri. Atarudi saa kumi.

Mzee Koleo alilizunguka gari mara mbili kimya kimya. Kisha akaingia, akapapasa ukuta wa mbao, akatoka na uso ambao binti alikuwa amekwisha kuusahau.

"Hili nimelifunga mimi," akasema.

Na kweli. Miaka thelathini na moja nyuma lilikuwa basi dogo, mwenyewe wa kwanza akaligeuza nyumba, na waya zote za ndani zilipita katika mikono ya Mzee Koleo. Alifurahi kama mtu aliyekutana na mwanafunzi wake akakuta amekuwa daktari. Kabla mwalimu hajaondoka, alimweleza mara tatu kwamba katika maisha yake hajawahi kukosea waya, hata moja, na aulize anayetaka. Kisha akavua koti. Alisema taa za ndani atabadilisha mwenyewe. Ni kutoa balbu na kutia balbu, hakuna waya ya kukata wala ya kuunga, hilo halihitaji mgongo. Binti aligeuka akajifanya anatafuta kitu mezani, maana machozi yalikuwa yamemjia.

Yeye akashika za nje. Alianza na taa za breki, akaja za pembeni, akamalizia ile ya juu ya mlango. Indiketa zilimchezea kidogo: alipozijaribu zikaanza kukonyeza mbio mbio, kwa sababu kile kidude kinachozipigisha kilizoea balbu zenye uchu wa umeme, sasa kilipoona LED zinagusa kidogo tu kikadhani taa imeungua. Akakitoa, akaweka cha kisasa, indiketa zikatulia. Muda wote huo alimsikia baba ndani akipiga mluzi na kuhesabu kwa sauti kila taa inapowaka. Jikoni, moja. Sinki, mbili. Kochi la kulia, tatu. Alifika saba, akanyamaza.

Alishuka amekunja ndita. Chumba cha nyuma kina taa nne, na zote nne zimegoma. Akasema LED hizi ni takataka, mwalimu ameuziwa mbuzi kwenye gunia, na akirudi atamwambia peupe akamrudishie aliyemuuzia. Balbu za zamani mbona zinawaka palepale? Akapanda tena akairudisha moja, ikawaka, akamwonyesha binti kwa kidole. Waya hazina kosa, akasema, waya amezifunga yeye. Kisha akaenda kukaa kwenye kiti chake cha plastiki na kuipa barabara mgongo.

Binti alizichukua zile LED nne akazijaribu jikoni. Zikawaka zote. Basi kosa halikuwa la taa. Alichukua kipimo, akagusisha sindano zake mbili kwenye kishikio cha balbu kule chumbani, na kioo kikaandika kumi na mbili, mbele yake kikaweka alama ya kutoa. Balbu ya zamani ni mgeni asiye na makuu: umpokee mlango wa mbele au wa uani, anaingia. LED haitaki hivyo. Chanya ikija upande wa hasi, haiwaki ng'o. Akafungua skrubu za ubao wa ukutani, akachungulia. Tepu ilikuwa imezungushwa kwa unadhifu uleule wa baba, na ndani yake nyekundu imeungwa na nyeusi, nyeusi na nyekundu, taa ya kwanza, ya pili, zote nne. Juu ya ubao, kwa penseli, kulikuwa na tarehe, maana baba alikuwa na mazoea ya kuweka tarehe kwenye kila kazi aliyomaliza. Ilikuwa tarehe aliyozaliwa binti mwenyewe.

Akakaa kitandani. Kupindua waya zile ilikuwa kazi ya nusu saa. Angefunga ubao, akasema vishikio vilikuwa na kutu, na dunia ingeendelea. Mzee wa miaka sabini, mke hayupo, kazi hana, amebakiwa na nini zaidi ya yale maneno yake kwamba hajawahi kukosea waya? Mwanawe ndiye aje amnyang'anye hayo nayo? Alipiga moyo konde, akainua bisibisi.

"Umeona nini?"

Baba alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba, ameinama kidogo kwa ajili ya dari.

"Kutu tu, baba. Kutu kidogo."

"Ulipokuwa mdogo hukujua kudanganya," akasema, "na mpaka leo hujajifunza. Zimepishana?"

Binti akaitikia kwa kichwa. Hakuweza kumtazama.

Mzee Koleo aliingia akakaa naye ukingoni mwa kitanda. Akaisoma ile tarehe. Kisha akasema taratibu, mikono imelala magotini.

"Nyekundu mimi siijui, mwanangu. Sijawahi kuiona. Kwangu ni nyeusi, labda nyeusi iliyochujuka."

Aligundua akiwa bado anajifunza kazi, na akaficha, kwa sababu nani angemtaka fundi umeme asiyeona waya? Taa za barabarani alizijua kwa mahali zilipo: ya juu simama, ya chini nenda. Nyanya alizijua kwa kidole. Waya hazikuwa na juu wala chini. Siri ya mtungi aijuaye kata, na mkewe aliijua mwezi wa kwanza wa ndoa; hakucheka, hakumwambia mtu, akabeba kreti la soda akaja kukaa pembeni ya meza. Mkono wa kulia nyekundu, wa kushoto nyeusi. Hawakuwahi kutamka rangi, wateja wasije wakasikia.

Siku ya tarehe ile uchungu ulimshika mama asubuhi, jirani akamkimbiza hospitali. Kilikuwa kimebaki chumba kimoja, na mwenye gari alitaka kusafiri jioni.

"Nikabahatisha," akasema baba. "Zikawaka zote nne. Nikakimbia wodini na tepu bado imening'ang'ania vidoleni. Mama yako swali lake la kwanza, umefunga peke yako? Nikamwambia, zimewaka zote. Akacheka, akanipa wewe nikushike. Siku hiyo nilijiona bingwa."

Binti alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. Alimkumbuka mama na sweta jekundu, alivyokaa chini kwa kicheko, na akaelewa kwamba kicheko kile kilikuwa pazia. Akamwambia baba ukweli wake: kwamba miaka yote mitatu alifikiri mama ameondoka na hamu yake ya kazi.

"Hamu ninayo," akasema Mzee Koleo. "Mtu wa kunipa waya ndiye sina."

Binti akainuka. Alishuka garini, akaenda karakanani, akalipangusa vumbi lile kreti kwa upindo wa ovaroli lake. Ngazi za gari zilikuwa nyembamba, ikambidi alipitishe ubavuubavu, na chumbani lilienea kwa shida kati ya kitanda na ukuta. Akakaa. Akakata tepu ya zamani, akaziachanisha waya za taa ya kwanza, akazishika mbili mbili, nyekundu kulia, nyeusi kushoto. Kisha akanyoosha mkono wa kulia, kimya.

Baba aliutazama ule mkono, akamtazama mwenye mkono. Ndipo akapeleka kiganja nyuma, akalitoa koleo mfukoni.

Mwalimu mstaafu alirudi saa kumi kasoro. Taa tatu za chumba cha nyuma zilikuwa zinawaka, nyeupe na baridi, na chini ya ile ya nne walijibana mafundi wawili mahali ambapo hata mmoja angelalamika. Akavaa miwani yake, akauliza kwa utani kama kweli taa ndogo vile inahitaji watu wawili.

"Hii ni kazi ya watu wawili, Mwalimu," akasema Mzee Koleo. "Tangu zamani. Na lile nililokwambia asubuhi, nilikosea. Waya nimewahi kukosea, siku moja tu. Siku aliyozaliwa huyu."

Alilisema hilo kwa fahari kuliko alivyolisema lile la asubuhi. Kisha akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, na binti akampa waya inayofuata.